Kurudisha Gari Si Kumaliza Deni: Funzo Kutoka Meru na Embu

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Siku hizi harusi yenyewe hufanyiwa kwenye yadi ya magari. Mtu akabidhiwa ufunguo, apigwa picha na gari limefungwa utepe mwekundu, na jioni picha imeenea katika makundi yote ya familia. Matanga huja baadaye, kimya kimya, gari linaporudi kule lilikotoka. Huko hakuna anayepiga picha.

Leo nataka tuzungumze juu ya hayo matanga. Nimechagua mfano wa Meru na Embu, ijapokuwa wengi wetu tuko Mombasa, Kilifi, Kwale na Lamu. Sababu ni kwamba barabara inayotoka kule yaishia kwetu. Kila siku miraa ya Nyambene na muguka wa Mbeere hushuka pwani kwa magari madogo yanayokimbizwa usiku na mchana. Sisi tumezoea kuuliza yamebeba nini. Ni wachache wanaouliza gari lenyewe ni la nani.

Niliuliza swali hilo nilipokuwa Embu mwaka jana kwa shughuli za kikazi. Dereva mmoja wa Probox alinijibu huku akicheka: "Mzee wangu, usukani ni wangu, logibuku si yangu." Akanieleza kwamba alikuwa analipia gari kwa miezi 36, na kwamba biashara ikikwama wiki mbili tu, mwezi huo umeharibika. Nikamuuliza, akishindwa kabisa itakuwaje? Akasema, "Nitawarudishia gari lao, yaishe."

Hapo kwenye neno "yaishe" ndipo penye tatizo. Hayaishi. Na ndivyo wanavyoamini pia wenzetu wengi wa hapa pwani, wenye tuktuk, pikipiki, matatu na vani za watalii.

Turudi kidogo nyuma tuone jinsi deni la gari linavyoweza kumkaba mtu bila yeye kufanya kosa lolote. Tarehe 23 Mei 2024, Gavana Abdulswamad Nassir alipiga marufuku muguka katika kaunti ya Mombasa. Kilifi na Taita Taveta zikafuata. Rais William Ruto akasema amri hizo hazina nguvu kwa kuwa zao hilo latambuliwa na sheria ya kitaifa, na kabla ya mwezi kwisha Mahakama Kuu ya Embu ikazisimamisha. Mimi ni katika wale wanaoona muguka umewaharibu vijana wetu, na sioni haya kusema hivyo. Lakini hebu tazama upande wa pili wa hesabu. Kwa siku zile za vuta nikuvute, dereva hakujua kama mzigo wake utapita. Benki haikuwa na shaka yoyote. Tarehe ya kulipa ilibaki pale pale.

Na si mara ya kwanza. Uingereza ilipofunga soko la miraa mnamo Juni 2014, na Somalia iliposimamisha ndege za miraa mwaka 2020 hadi 2022, waliokuwa na magari ya mkopo Maua na Laare walibaki na awamu za kulipa. Sisi nasi twalijua jambo hili kwa jina jingine: msimu. Mwenye vani ya watalii Diani au Watamu hupata riziki Desemba, kisha Mei hoteli ni kimya. Lakini mkataba haujui Desemba wala Mei.

Sasa tuingie kwenye hesabu. Nachukua mfano wa kubuni, tarakimu zangu mwenyewe, ili tuone mambo yanavyokwenda.

Gari lauzwa shilingi 1,500,000. Mnunuzi atoa arubuni ya 300,000 na kukopa 1,200,000. Analipa 48,000 kila mwezi kwa miezi 36. Ukijumlisha yote pamoja na arubuni, gari litamgharimu 2,028,000. Amelipa miezi 14 bila kuchelewa, kisha biashara ikakwama akakosa miezi mitatu. Kufikia hapo ametoa mfukoni 972,000, karibu milioni moja. Yeye ahesabu kuwa amelipa theluthi mbili za bei ya gari. Lakini katika miezi ya mwanzo sehemu kubwa ya kila awamu ni riba, kwa hivyo deni lililobaki ni takriban 890,000.

Anaamua kurudisha gari, au laja kuchukuliwa. Hapo ndipo orodha inapoanza. Faini za kuchelewa, tuseme 30,000. Ada ya dalali na gari la kuvuta, 60,000. Maegesho ya yadi, 500 kwa siku kwa siku 40, ni 20,000. Mthamini na tangazo la mnada, 20,000. Jumla ya deni sasa ni 1,020,000. Gari lapigwa mnada na kupata 750,000, kwa sababu kwenye mnada hakuna anayekuja kulipa bei ya dukani. Mwenzetu ametoa 972,000, hana gari, na bado adaiwa 270,000.

Gari la kazi laongeza uchungu wake. Kutoka Embu hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 600, kwenda na kurudi zaidi ya 1,200. Gari linalopigwa safari hizo mara kadhaa kwa wiki huzeeka upesi kuliko deni linavyopungua. Mkopo una miezi 36, lakini injini haihesabu miezi, yahesabu kilomita. Siku ya kurudisha, mthamini hutazama kioo kilichopasuka, tairi zilizokwisha, viti vilivyochanika, na kila kitu chapunguza bei. Ndivyo ilivyo kwa tuktuk inayoshinda Likoni na Kisauni kutwa nzima.

Je, sheria yasemaje? Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui, nalo ndilo kiini cha makala haya. Magari mawili yanaweza kufanana rangi na bei, yakanunuliwa siku moja, lakini karatasi zake zikawa mbili tofauti, na ulinzi wa mnunuzi ukawa tofauti kabisa.

Karatasi ya kwanza ni ile watu huiita haya pachesi. Hii ina sheria yake, Sura ya 507 ya sheria za Kenya. Yahusu mikataba isiyozidi shilingi milioni nne, na haimlindi mnunuzi aliye kampuni. Chini ya sheria hii, ukishalipa theluthi mbili za bei yote ya mkataba, muuzaji hawezi kukunyang'anya gari barabarani. Ni lazima aende mahakamani. Katika mfano wetu, theluthi mbili za 2,028,000 ni 1,352,000. Mwenzetu angefikia hapo baada ya kulipa awamu ya 22. Alikwama kwenye ya 14, kwa hivyo hata sheria hii isingemfaa. Zingatia pia kwamba theluthi hizo huhesabiwa kwa bei ya mkataba, siyo bei iliyobandikwa kwenye kioo.

Karatasi ya pili ni mkopo wa kawaida ambao gari limewekwa rehani. Hii ndiyo inayotumika sana siku hizi. Logibuku huandikwa jina lako na la mkopeshaji pamoja, na rehani husajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2017 ya dhamana juu ya mali inayohamishika. Kinga ya theluthi mbili haimo humo. Ukishindwa kulipa, mkopeshaji aweza kulichukua gari na kuliuza kwa kufuata taratibu za sheria hiyo. Bei ya mauzo ikizidi deni na gharama, ziada ni haki yako urudishiwe. Ikipungua, upungufu ni deni lako. Na kabla halijauzwa, una haki ya kulikomboa kwa kulipa deni na gharama zilizokwisha kutumika. Basi kabla hujatia saini, uliza: hii ni haya pachesi au ni mkopo wa rehani? Swali hilo dogo laweza kuwa na thamani kuliko punguzo lolote la bei.

Kuna njia isiyo na matanga makubwa, nayo ni kuwahi. Turudi kwa mwenzetu. Kama mwezi wa 14, kabla ya kukosa hata awamu moja, angekwenda kwa mkopeshaji na kusema biashara imepungua, naomba ruhusa nitafute mnunuzi mwenyewe, deni lake lingekuwa karibu 837,000. Akipata mtu wa kulinunua kwa 950,000, deni lalipwa lote, na yeye abaki na zaidi ya laki moja mkononi. Kati ya kubaki na laki moja na kudaiwa 270,000 pana tofauti ya zaidi ya laki tatu na nusu, na kilichoileta ni miezi michache ya kunyamaza kwa sababu ya aibu. Aibu yetu ya pwani ni ghali. Tunaona haya kumwambia mdai kwamba mambo yamegeuka, twazima simu, kisha twastaajabu dalali ameingia uani.

Watauliza wengine, na benki za Kiislamu je? Tangu 2008 tunazo nchini benki zinazofuata Sharia, na nyingi ya kauli zao ni za kweli. Katika murabaha, benki hununua gari na kukuuzia kwa bei inayojulikana tangu mwanzo, na bei hiyo haikui ukichelewa. Faini ya kuchelewa ikiwepo, haifai kuwa faida ya benki, bali huelekezwa kwenye sadaka. Lakini tusidanganyane. Murabaha ni deni. Ukishindwa, gari litauzwa, na gharama za dalali na yadi hazina madhehebu. Anayetaka kugawana hatari kwa kweli na aulize kuhusu ijara, ambapo benki yabaki mmiliki hadi mwisho, na aulize wazi: gari likiharibika kabisa, nani atabeba hasara?

Sisi Waislamu hatuna udhuru katika jambo hili. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, iliyo katika Surat Al-Baqara, yahusu deni na kuliandika. Na aya mbili kabla yake yatuamrisha kumpa muda mdaiwa aliyebanwa mpaka apate wasaa. Ya kwanza ni wajibu wa kusoma na kuandika, ya pili ni wajibu wa huruma. Mikataba ya magari ya leo mingi yamaliza kuandika bila ya kufika kwenye huruma, tena yaandika kwa herufi ndogo na kwa Kiingereza cha mawakili.

Na huruma yaweza kuwekwa katika kanuni. Machi 2020, korona ilipoingia, Benki Kuu ya Kenya ilikubaliana na benki ziwaongezee wakopaji muda, na gharama za kupanga upya mikopo zibebwe na benki zenyewe. Benki hazikuanguka kwa hilo. Sasa pia pana nafasi. Sheria iliyotiwa saini Desemba 2024 imeipa Benki Kuu mamlaka juu ya wakopeshaji wasiopokea amana, wakiwemo wale wa magari na pikipiki ambao kwa miaka mingi walifanya kazi bila msimamizi. Mamlaka ya Ushindani nayo imekwisha kuitoza faini ya zaidi ya shilingi milioni 10 kampuni moja ya mikopo ya magari kwa kuwapotosha wateja.

Ninachotaka kwenye kanuni za Benki Kuu ni vitu vitatu. Kwanza, ukurasa mmoja wa mbele katika kila mkataba, kwa Kiswahili, unaotaja kila ada itakayotozwa gari likirudishwa, kwa shilingi, si kwa maneno ya "gharama zinazofaa". Pili, anayerudisha gari kwa hiari asitozwe ada za kukamatwa, kwa sababu hakuna aliyemkamata. Tatu, mkopaji apewe muda maalumu wa kutafuta mnunuzi mwenyewe kabla ya mnada. Wabunge wetu wa pwani na wale wa Meru na Embu walitupiana maneno makali kwa ajili ya muguka. Hapa wana jambo wanaloweza kulisukuma pamoja, maana dereva wa Kiritiri na wa Kisauni wametia saini karatasi ile ile.

Mpaka hapo patakapofikiwa, mzigo wa kujilinda ni wetu. Omba nakala ya mkataba ukaisome nyumbani. Mdai akidai upungufu baada ya mnada, dai hesabu kamili ya mauzo kwa maandishi. Dalali akija, omba leseni yake. Ukiona umeonewa na kiasi hakizidi shilingi milioni moja, iko Mahakama ya Madai Madogo, ambako unaweza kujieleza mwenyewe bila wakili.

Muuzaji wa gari atakuuliza una arubuni ya kiasi gani. Mjibu, kisha nawe umuulize: nikilirudisha mwaka ujao, nitawadai au mtanidai? Akishindwa kukuandikia jibu, ufunguo mwachie mezani.