Fedha Inayoamshwa na Mwanga
Likitajwa neno fedha, wengi wetu hushika mfuko. Wakunga wa Leipzig mwishoni mwa karne ya 19 wangeshika chupa ya dawa. Huko ndiko daktari Mjerumani, Carl Credé, alikoanza mwaka 1880 kudondosha naitreti ya fedha machoni mwa watoto wachanga, na upofu wa kisonono ukapungua mno. Ikaja penisilini, fedha ikasukumwa pembeni, ikabakia kwenye krimu za majeraha ya moto. Leo inaitwa tena, maana dawa zinagota: mwaka 2019 pekee, bakteria sugu walikadiriwa kusababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani. Safari hii haiji peke yake. Watafiti huibandika, kwa chembe ndogo kupindukia, juu ya titani dioksidi, ule unga mweupe uliomo hata kwenye rangi ya ukuta. Unga huo ukiwa peke yake hudai miale ya urujuanimno. Ukipata fedha, hata mwanga unaoonekana kwa macho unaweza kuuamsha, ukazalisha oksijeni kali inayotoboa utando wa bakteria, huku ayoni za fedha zikivuruga protini zake. Adui anayepigwa pande zote hupata shida kujizoesha. Shida, lakini si muhali: mwaka 1975 jarida la Lancet liliripoti Salmonella iliyokuwa sugu kwa naitreti ya fedha, tena ndani ya wodi ya walioungua moto mjini Boston.