Mashua Iliyopumzishwa Yahitaji Upepo
Mashua yenye sitaha ipandishwapo pwani wakati wa masika, wengi huziba kila upenyo kwa imani kwamba wameuzuia unyevu. Imani hiyo ina madhara. Hewa iliyofungiwa ndani ipoapo usiku, sehemu ya mvuke wake hugeuka matone juu ya mbao. Na ubao wenye unyevu unaozidi asilimia 20 hivi ya uzito wake mkavu huweza kuozeshwa na kuvu. Chumvi ya bahari nayo hufyonza maji unyevuanga upitapo asilimia 75. Dawa yake si umeme: mashua ioshwe kwa maji yasiyo na chumvi, ikaushwe, iezekewe kivuli, na iachiwe matundu omoni na tezini upepo upite. Mvule uliokua miaka mingi usiozeshwe kwa kukosa tundu.