Tozo ya Mafuta na Mwenye Jembe



Kila mwezi Juni, wakati wakulima wa nyanda hizi za kati wanapopura mtama na uwele, Waziri wa Fedha husoma bajeti ya Serikali bungeni hapa Dodoma. Mara nyingi mjadala unaofuata huangukia jambo lile lile: bei ya mafuta na kodi zilizomo ndani yake. Wengi wa waumini wetu hawaufuatilii, wakidhani huo ni ugomvi wa wenye magari. Katika hilo hatukubaliani nao.

Mkulima wa Kongwa asiye na hata baiskeli hulipa tozo ya mafuta. Huilipa apelekapo debe la mahindi kwenye mashine ya dizeli, apandapo bodaboda kumwahisha mtoto zahanati, anunuapo sabuni iliyotoka Dar es Salaam. Hata auzapo huilipa, kwani mwenye lori afuataye mahindi katika soko la Kibaigwa huhesabu kwanza gharama ya safari, ndipo ataje bei. Kodi ya maendeleo, ile iliyowafanya baba zetu wawakimbie mgambo, ilifutwa mwaka 2003 na watu wakashangilia. Hii haina mgambo. Hutozwa mafuta yaingiapo nchini, naye mlipaji wa mwisho hapewi stakabadhi.

Hatusemi kwamba tozo hii kwa asili yake ni dhuluma. Mfuko wa Barabara uliundwa kwa sheria ya mwaka 1998 ili fedha hizo zisimezwe na matumizi mengine ya Serikali, na nia hiyo ilikuwa njema. Tozo ya barabara ilipanda kutoka shilingi 200 kwa lita hadi 263 mwaka 2013, kisha 313 mwaka 2015, na mwaka 2021 ikafika 413. Nyongeza ile ya shilingi 100 ya mwaka 2021 iliombwa kwa ajili ya barabara za vijijini, zilizo chini ya TARURA. Sisi tunaiona kuwa na haki kuliko zote, kwa sababu kwa mgawanyo uliodumu miaka mingi barabara kuu na za mikoa zilichukua asilimia 70 ya Mfuko, zile za halmashauri zikabakiwa na 30. Na barabara za halmashauri ndizo zinazokatwa na makorongo kila masika, zabibu zikaharibika zikingoja lori.

Mwaka 2023 ikaja shilingi 100 nyingine kwa kila lita ya petroli na dizeli, safari hii kwa miradi ya kimkakati kama bwawa la Nyerere na reli ya kisasa. Miradi hiyo ni mali ya Taifa zima. Lakini je, ni haki igharimiwe kwa kodi ambayo mama mwenye debe moja la mahindi anaitozwa kwa kiwango kile kile anachotozwa mfanyabiashara mkubwa? Baba Mtakatifu Yohane XXIII, katika waraka wake Mater et Magistra wa mwaka 1961, alifundisha kwamba mzigo wa kodi uendane na uwezo wa mlipaji. Tozo ya lita haimuulizi mtu uwezo wake.

Wapo wanaosema basi kodi za mafuta zipunguzwe kwa wote. Nalo hilo lina kasoro yake. Mwaka 2022, bei ilipopita shilingi 3,000 kwa lita, Serikali ilitenga ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi kuanzia Juni. Nafuu ilikuwapo, wala hatuibezi. Ila nafuu ya namna hiyo humfikia zaidi anayechoma mafuta mengi zaidi.

Linalotuuma hasa ni habari ya mafuta ya taa. Miaka ile wafanyabiashara wasio waaminifu walikuwa wakiyachanganya na dizeli, maana kodi yake ilikuwa ndogo. Ndipo neno “kuchakachua” likaenea midomoni mwa watu. Badala ya kuwashika wachakachuaji vituoni, bajeti ya mwaka 2011 ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa kutoka shilingi 52 hadi 400.30 kwa lita, na wa dizeli ukashushwa. Faida ya kuchanganya ikatoweka. Lakini ni nani aliyelipa? Ni yule wa Bahi na Chemba aliyekuwa na koroboi moja nyumbani, ambaye mtoto wake alisomea mwanga wa koroboi hiyo. Kosa lilikuwa la mwenye kisima cha mafuta, adhabu akapewa mwenye chupa. Umeme wa vijijini umewafikia wengi tangu hapo, nao kwa sehemu umegharimiwa na tozo ya mafuta hayo hayo. Hilo tunalikiri kwa furaha. Kwa zile kaya ambazo nguzo hazijazifikia, deni bado lipo.

Mkutano mkuu wa kijiji huitishwa kila miezi mitatu. Viongozi wa jumuiya ndogondogo waende wakamwulize diwani, kwa heshima na mbele ya wote: mwaka huu kata yetu imepangiwa shilingi ngapi kutoka Mfuko wa Barabara, ni kalavati lipi lilipangwa kujengwa, na mkandarasi ni nani? Majibu yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano, kisha nakala iletwe ofisi ya parokia kabla ya mvua za Desemba.