Walifanya Kazi Gani?



Kila mwaka, tarehe 1 Agosti, nchi yetu ya Congo huadhimisha siku ya wazazi. Asubuhi twaenda makaburini kuwakumbuka waliotutangulia. Twang'oa majani na kufagia. Mchana twarudi nyumbani kuwaheshimu wazazi walio hai.

Siku hiyo sisi wa Mikelenge tulikuwa katika kazi ya makaburi pamoja na watoto. Mwanafunzi wetu mmoja aliegemea jembe lake akauliza, "Mwalimu, huyu babu alifanya kazi gani?" Tukamjibu, "Alikuwa mtu wa reli." Akauliza tena, "Katika reli alifanya nini?" Tukanyamaza. Kaburi lile ni la baba yetu mdogo, aliyetulea. Kwa miaka mingi aliondoka nyumbani alfajiri, akarudi jioni na mafuta meusi mikononi. Jasho lake lilitulisha, likatuvika, likatusomesha. Lakini kazi ya mikono yake hatukumwuliza hata siku moja.

Aibu ile ilitupeleka, juma lililofuata, kwa wazee wawili wa mtaa wetu.

Wa kwanza alikuwa fundi wa karakana ya reli. Kila mtu wa Kindu ajua ya kuwa mji wetu ni mtoto wa mto na wa reli. Toka Ubundu hata hapa, Lualaba hupitika kwa meli. Lakini juu ya Kindu miamba na maporomoko huzuia safari. Kwa sababu hiyo ilijengwa reli ya kilomita 355 hata Kongolo, ikafika huko mnamo mwaka 1910. Hayo yote twayafundisha shuleni. Mzee yule alitufundisha yasiyo kitabuni.

Alitueleza habari alizozipokea kwa mafundi waliomtangulia: jinsi njia ile, katika miaka ya 1950, ilivyopanuliwa kutoka upana wa mita 1 hata mita 1.067, ili ipate kuungana na reli ya Katanga. Tofauti ni kama upana wa vidole vinne tu. Lakini kwa ajili ya vidole vinne hivyo, reli ililegezwa, ikasogezwa, ikapimwa, ikakazwa tena, mamia ya kilomita, na magurudumu nayo yakatengenezwa upya.

Kisha akatuonyesha nyundo yake yenye mpini mrefu. "Gari likisimama," akasema, "nalipita nikigonga gurudumu moja moja. Gurudumu zima hulia kama kengele. Lenye ufa hulia kama chungu kilichopasuka, hata kama jicho halioni kitu. Hapo nasema: behewa hili haliondoki." Tukawaza juu ya watu wangapi waliolala usingizi garini, wasijue ya kuwa maisha yao yalitegemea sikio la mtu mmoja.

Tukamwuliza, "Baba, sikio hilo ulimwachia nani?" Akaiweka nyundo chini ya kitanda, akajibu, "Nani aliniuliza?"

Wa pili ni mama mzee aliyekuwa mwuguzi. Alianza kazi bado msichana, siku zile ambapo bomba la sindano lilikuwa la kioo, likichemshwa majini na kutumiwa tena. Mama huyu alijifunza kwa wauguzi waliobaki hospitalini mwaka 1960. Nchi yetu ilipopata uhuru tarehe 30 Juni mwaka ule, haikuwa na madaktari wananchi. Na waganga wengi wa Kibelgiji walipoondoka, wagonjwa hawakuondoka. Wauguzi na wasaidizi wa waganga ndio walioubeba mzigo huo.

Tulipomwuliza neno moja analotaka vijana walishike, hakutaja dawa. Alisema, "Kuhesabu pumzi." Akatueleza: mtoto akiwa na kikohozi, mtulize, funua kifua chake, ushike saa, uhesabu dakika moja kamili. Mtoto wa miezi 2 hata 11 akivuta pumzi mara 50 au zaidi, au mtoto wa mwaka 1 hata 5 akivuta mara 40 au zaidi, yaelekea mapafu yameshikwa. Apelekwe hospitali siku ile ile, asingojeshwe hata kesho.

Mama huyu kila msichana aliyewekwa chini yake alimhesabisha kwa sauti, hata akakosa usingizi kwa kuhesabu. Leo yeye hawezi tena kazi. Lakini katika mtaa wetu wako akina mama wanaojua kuhesabu pumzi, nao hawajaingia shule ya uuguzi. Kazi yake ingali inatembea kwa miguu ya wengine.

Basi, wasomaji wapenzi, twaungama kosa letu. Sisi tuliosoma Kilatini na vitabu tulidhani ya kuwa elimu ni ile iliyoandikwa tu. Mwenye mafuta mikononi tulimshukuru kwa karo, tukamwacha na elimu yake. Wazee walisema: achanikaye kwa mpini hafi njaa. Neno hilo ni kweli. Lakini ujuzi wake wafa, usipopata mwulizaji.

Kwa hiyo twawapa wanafunzi kazi. Kila mmoja atwae daftari, amwendee mzee mmoja wa nyumbani au jirani, amsalimu kwa heshima, amwulize maneno matatu: Ulifanya kazi gani kwa mikono yako? Ni jambo gani la kazi hiyo lisiloonekana kwa macho ya mgeni? Nani alikufundisha, nawe ulimfundisha nani? Na ayaandike majibu kama yalivyosemwa.

Nanyi wazazi, zitunzeni hati zenu: mkataba wa kazi, vyeti, na namba ya kifuko cha malipo ya uzeeni, kilichoitwa INSS tangu mwaka 1961 na kuitwa CNSS tangu mwaka 2018. Twamjua mjane ambaye hati za mumewe ziliwekwa katika sanduku la mbao, mchwa wakazila. Sasa hana la kuonyesha ila kumbukumbu za majirani. Wekeni hati katika bati, na mwana mmoja ajue zilipo.

Sisi wenyewe tumekwisha anza. Jumamosi mwanafunzi yule aliyetuuliza makaburini alikwenda pamoja nasi kwa mzee wa karakana. Nyundo ilitolewa chini ya kitanda. Mzee akatundika vipande viwili vya chuma, akamwambia mtoto afumbe macho, kisha akagonga.

"Kipi kina ufa?"

Mtoto alikosa mara mbili. Mara ya tatu alipata.