Jani moja mu bahasha

Kuna habari ambayo inapashwa kufika ku soko la Lokandu mbele mnunuzi wa maganda hajafika. Dawa ambayo zamani ilitoka ku mizizi na ku maganda ya miti, leo ingine inatoka ndani ya mapipa ya chuma. Wanakata kipande kidogo cha mmea, wanachukua seli zake, ni kusema zile chembe ndogo kabisa za uhai, wanazilisha sukari na chumvi, nazo zinazaana. Pori haliko tena. Mvua haiko. Mchimbaji naye hayuko.

Hii si hadithi. Mu 1983 kampani ya Mitsui ya Japani ilianza kutengeneza namna hiyo shikonini, rangi nyekundu ambayo Wajapani wanaitumia pia kama dawa ya ngozi. Ku shamba, mzizi wake unaomba miaka. Mu pipa, wiki tatu hivi. Kisha ikaja paklitakseli, dawa ya kansa ya matiti. Mwanzo waliitoa ku maganda ya mti mmoja wa Marekani, na mti ukichunwa unakufa, tena mti mmoja haukutosha kuponesha mgonjwa mmoja. Leo seli za ndugu za mti huo zinaifanya Ujerumani, mu mapipa.

Ugumu wa kazi hii uko pahali ambapo wengi hawawazii. Mti haufanye dawa juu yetu. Unaifanya juu ya kujilinda: wadudu, uyoga unaooza mizizi, jua kali. Basi seli iliyo ndani ya chupa, inayokula vizuri bila adui, inanona tu na haitoe kitu. Ni kama kijana ambaye kila kitu anapewa ku nyumba. Ndiyo maana wenye labo wanaitisha: wanatia tone la jasmonati, ile alama ambayo mmea wenyewe unaitoa wakati unaumwa na mdudu, ao wanatia ngozi ya uyoga uliokufa. Seli inafikiri vita imefika, inaanza kutoa dawa. Paklitakseli iliongezeka sana kwa ginsi hiyo. Wazee wetu wanaochuma dawa wana masharti yao, mti gani, saa gani, majira gani, na wengi wetu tuliosoma tunawacheka. Hatuseme kila sharti ni kweli. Lakini swali lao ni lile lile la labo: dawa inakuwa nyingi ndani ya mti wakati gani?

Si kila mti unakubali. Kinkina, mama ya kinini, imekataa mpaka leo: seli zake mu chupa zinatoa kidogo sana, na kwa hiyo Pharmakina ya Bukavu ilijengwa juu ya maganda ya miti ya shambani, miti ya Kivu ambayo inaomba miaka mingi mbele ya kuvunwa.

Na kinkina hiyo ina historia ambayo inatugusa. Si mti wetu. Ni wa milima ya Amerika ya Kusini. Mu 1865 Mwingereza Charles Ledger alipata mbegu zake kutoka Bolivia, Waholanzi wakanunua kama nusu kilo hivi, wakazipanda Java. Mbele ya Vita ya Pili ya dunia, karibu kinini yote ya dunia ilikuwa inatoka Java. Bolivia ilibaki kuangalia. Yule mwana-kijiji aliyekusanya mbegu, Manuel Incra Mamani, alifungwa, akapigwa, akafa. Mti wenyewe wakauita ledgeriana.

Sasa tuje kwetu. Mu mapori ya Kongo na mu mashamba yaliyoachwa kunaota rauvolfia, ambayo mizizi yake ina reserpini, dawa ya kushusha tansio. Tangu zamani nchi yetu imeuza maganda ya mizizi hiyo Ulaya kwa magunia. Mchimbaji anapata franga kidogo, mti unakufa, na sisi tunaita ile komersa. Ni hasara, ndiyo, lakini ni hasara ambayo inarudi kila mwaka kutafuta gunia lingine. Pipa halirudi. Mtu akibeba jani moja mu bahasha, na labo yake ikafaulu kufanya seli zile zitoe dawa, hana tena haja ya Lokandu, wala ya mtumbwi, wala ya mtoto wa mtu aliyechimba. Mbegu za Ledger ziliomba shamba na miaka. Jani linaomba chumba.

Kuna sheria. Itifaki ya Nagoya ya 2010, ambayo Kongo ni mmoja wa wanachama wake, inasema mmea usichukuliwe kuchunguzwa bila ruhusa ya nchi, na faida igawanywe na wenye kuulinda. Lakini karatasi ya Kinshasa haisimame yenyewe ku kivuko.

Kwa hiyo tunaomba vitu viwili, na hatuoni kama ni vikubwa. Chuo Kikuu cha Kindu kipate chumba kimoja cha kulea mimea mu chupa: sufuria ya mvuke ya kuua vijidudu, kabati safi, sukari, chumvi, na umeme wa jua usiokatika. Hatusemi kesho tutashinda Wajerumani. Uganda na Kenya wakulima wananunua miche ya ndizi iliyozaliwa mu chupa. Kazi ya mwanzo ni ile ile, na rauvolfia inaweza kurudishwa ku mashamba ya Lokandu badala ya kung'olewa tu.

Cha pili ni cha bunge la jimbo: liseme wazi ni nani, ku Lokandu na ku Kindu, anapashwa kufungua bahasha ya majani mbele haijapanda ndege, na ni jina la kijiji gani litaandikwa juu yake.