Mashine Isipelekwe Mtoni



Siku hizi mashine za kuoshea kwa nguvu ya maji zimefika mashambani, na ni jambo jema. Trekta yenye matope na sakafu ya banda la ng'ombe husafishwa upesi kuliko kwa ndoo na brashi. Lakini wengi wetu katika skimu hatuna mfereji karibu, kwa hiyo wengine hupeleka mashine na trekta mpaka mtoni. Desturi hiyo ni mbaya, na yafaa tuiache.

Fikiri kidogo. Mto Turasha hutoka Kinangop ukaingia Mto Malewa, nao Malewa huingia Ziwa Naivasha. Mafuta ya trekta yako, na dawa iliyobaki katika pampu ya kunyunyizia, hayaishii kwako. Jirani aliye chini huteka maji hayo hayo, na ng'ombe wake huyanywa.

Utauliza, "Nifanye nini bila mfereji?" Jibu ni pipa. Mashine ikitumia lita 8 kwa dakika, pipa la lita 200 litakutosha kwa dakika 25. Liweke juu ya jukwaa imara, juu kuliko mashine, ili maji yashuke yenyewe. Tumia mpira mnene usiobonyea, tena mfupi, na utie chujio ili mchanga usile pampu. Kabla ya kuwasha injini, fungulia maji yapite mpaka hewa yote itoke. Na maji yakikaribia kwisha, zima mara moja, kwa sababu pampu inayozunguka kavu huharibika upesi, na kuitengeneza ni fedha nyingi.

Lakini angalia: si kila mashine iwezayo kutumia maji ya pipa. Nyingine hutaka maji yanayosukumwa kwa nguvu kutoka mferejini. Muulize mwuzaji kabla hujatoa fedha zako.

Kujaza pipa ni kazi, sikatai. Lakini ukiwa na nyumba ya bati, mvua itakujazia bure, na wakati wa kiangazi punda atabeba. Halafu oshea penye majani, mbali na mto na kisima.

Tulipewa mashamba, kila mtu lake. Mto haukugawanywa, ni wetu sote. Anayeuchafua leo, kesho atachafuliwa na aliye juu yake.