Mpelelezi wa Kike na Mitaa ya Eastlands: Pengo katika Riwaya ya Kiswahili

Riwaya ya upelelezi si ngeni katika fasihi ya Kiswahili. Tangu Muhammed Said Abdulla alipomleta Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), msomaji wa Kiswahili amezoea kufumbiwa na kufumbuliwa mafumbo. Faraji Katalambulla alifuata na Simu ya Kifo (1965), Elvis Musiba akamwumba Willy Gamba, naye Ben Mtobwa akamwumba Joram Kiango. Huu ni urithi wa kujivunia. Hata hivyo, una mapungufu mawili yanayostahili kuhojiwa. Kwanza, mashujaa wake ni wanaume. Pili, walio maarufu zaidi miongoni mwao hawafanyi kazi katika kituo cha polisi: Bwana Msa ni muungwana mwenye kiko chake, Willy Gamba ni jasusi wa dola, na Joram Kiango hujitegemea. Mwanamke naye aghalabu husawiriwa kama maiti, mtego au msaidizi. Hata Nuru, mwenzake Joram, pamoja na ujasiri wake wote, hutembea katika kivuli cha mwanamume.

Kwingineko pengo hili lilishughulikiwa mapema. Mwaka 1991 Mwingereza Lynda La Plante alimwumba Jane Tennison katika Prime Suspect, hadithi iliyotoka kama mchezo wa runinga na pia kama riwaya. Tennison ni afisa wa upelelezi jijini London anayekabidhiwa kesi ya mauaji baada ya mwenzake wa kiume kufariki ghafla, na analazimika kupambana na dharau za ofisini sawa na anavyopambana na mshukiwa. Uwezo wake hautokani na akili za miujiza. Unatokana na kazi yenyewe: mahojiano, faili, usiku usio na usingizi na kosa linalosahihishwa.

Je, Tennison anaweza kuhamishiwa Nairobi akabadilishwa jina tu? La hasha. Msomaji wa London, hata akionyeshwa polisi wabaya, bado huamini kwamba faili itafika mahakamani. Katika mitaa ya Eastlands imani hiyo imetikisika. Mwaka 2017 Kituo cha Haki za Kijamii cha Mathare kilitoa ripoti kuhusu mauaji yanayohusishwa na polisi, na kabla ya hapo, mwaka 2011, Bunge lilikuwa limepitisha sheria ya kuunda mamlaka huru ya kusimamia utendakazi wa polisi. Kwa hiyo riwaya ya Eastlands haiwezi kuuliza tu, "Nani aliua?" Itabidi iulize pia, "Nani ataambiwa, na ataandika nini?"

Hapa ndipo suala la lugha linapojitokeza, na ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapohusika moja kwa moja. Chukua mfano wa kijana muuza mayai wa Kayole aliyeshuhudia uhalifu usiku. Akizungumza na wenzake kibarazani, atasema kwa Sheng kwamba alimwona "karao". Akifika kwenye kaunta, atasema kwa Kiswahili cha adabu kwamba alimwona askari. Taarifa yake ikishaandikwa kwa Kiingereza na kupelekwa katika mahakama ya Makadara, neno lile litakuwa limevuliwa hofu, kejeli na historia yake yote. Lugha tatu zimepita, na ukweli umepungua kila zilipopita. Visa vya uhalifu jijini Nairobi vimesimuliwa kwa ufundi katika Kiingereza, tangu My Life in Crime (1984) ya John Kiriamiti hadi Nairobi Heat (2009) ya Mukoma wa Ngugi. Lakini ni riwaya ya Kiswahili iliyo karibu zaidi na safari hiyo ya neno, kwa kuwa Kiswahili ndicho kinachosimama katikati yake, pale kwenye kaunta.

Kwa nini basi mpelelezi awe mwanamke? Si kwa ajili ya kutimiza hesabu ya jinsia. Ni kwa sababu huyo ndiye aliye ndani na nje kwa wakati mmoja. Mama anayetafuta nambari ya OB, au msichana aliyeshika fomu ya P3 asijue atamkabidhi nani, atamtazama afisa huyu kwa jicho tofauti. Nao wenzake kazini watamtazama kwa jicho jingine. Isitoshe, tangu mwaka 2018, serikali ilipotangaza kwamba polisi wapewe posho ya nyumba na kuishi miongoni mwa raia, anaweza kuwa mpangaji wa kawaida katika ploti ya Umoja, akipanga foleni ya maji pamoja na mashahidi wake. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mpelelezi huyu atakuwa amekilalia.

Wapo watakaodai kwamba hii ni fasihi pendwa, isiyostahili kalamu ya msanii makini wala muda wa mhakiki. Na wakumbuke Aprili 2020. Ken Walibora, mwandishi wa Siku Njema, alifariki baada ya kugongwa na matatu katika Barabara ya Landhies, mlangoni mwa Eastlands. Maiti yake ilikaa siku kadhaa mochari kabla ya kutambuliwa, na uchunguzi wa daktari ulionyesha pia jeraha la kisu mkononi. Wasomaji wake waliuliza maswali yale yale ya riwaya ya polisi: alikuwa akienda wapi, nani aliona, kimeandikwa nini? Siku hiyo hakuna aliyeyaita maswali hayo mepesi.

Hapana budi, basi, waandishi chipukizi wanaosomea Kiswahili vyuoni waache kungoja kitabu cha kutahiniwa shuleni ndipo waandike. Kaunta ipo, kitabu cha OB kiko wazi, na mashahidi wanazungumza kila jioni vibarazani. Anayekosekana ni afisa wa kike wa kuwasikiliza, na mwandishi wa Kiswahili wa kumwumba.